Pete Iliyobaki Ndani ya Boriti

Fundi wa magari havai pete. Kila mtu wa kazi hiyo analijua hilo, na Asumani wa Komini Tshopo alikuwa wa kwanza kuwafokea wenzake: "Toa hiyo kitu kwa kidole, wee! Unataka wakuzike na vidole tisa?" Lakini yeye mwenyewe alikuwa nayo. Ukimwuliza, alicheka tu, akaifuta kwenye suruali.

Niwaeleze kwanza habari ya hiyo pete. Katika ukoo wao baba humfundisha mtoto ufundi mpaka siku atakayotengeneza gari peke yake. Siku hiyo baba huchukua nati kubwa iliyotolewa kwenye gari hilo na kuisugua kwa tupa hadi igeuke pete. Ya Asumani aliichonga marehemu baba yake, papa Fadhili, macho yake yakiwa tayari na ukungu. Ndiyo maana upande mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine. Asumani aliivaa akiwa na miaka kumi na tisa. Siku ya habari hii alikuwa na hamsini na miwili, na ilikuwa haijawahi kuvuka kifundo cha kidole.

Alhamisi moja ya mvua, mama Clothilde alileta gari lake. Mama huyu ni wa familia za Wagenia, wavuvi wa mtoni, na gari lile kuukuu ndilo humpeleka sokoni Banalia na samaki wake wakavu. Lilikuwa linavuta kushoto. Asumani akaona mara moja: mpira wa ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu umekwisha. Kazi ya saa mbili, akasema. Kumbe!

Bolti ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili ilizunguka nusu, ikalia kidogo, kisha ikaanza kuzunguka bure. Kulia, inazunguka. Kushoto, inazunguka. Haitoki, haikazi. Nati yake ilikuwa imechomelewa ndani ya boriti ya gari, ule mhimili wa chuma wenye uwazi ndani, mahali pasipoonekana, na kutu ilikuwa imekula ule mchomeleo. Sasa bolti na nati vilicheza pamoja kama watu wa harusi.

Ubavuni mwa boriti palikuwa na tundu la kupitisha mkono. Asumani akalala chali juu ya katoni, akatia mkono wa kushoto ndani, akaishika nati kwa vidole, na kwa mkono wa kulia akazungusha spana kutoka chini. Nati ikageuka ghafla. Kona yake ikaibana pete kwenye ukuta wa boriti, na kidole kikabaki humo.

Akavuta. Kidole kikauma. Akavuta tena, kikavimba. Akarudisha spana nyuma. Ndiyo kwanza pete ikabanwa zaidi.

Mvua ikaongezeka. Maji yakaanza kupita chini ya gari, na kriki, ile iliyokuwa imelinyanyua gari, ikazama kidogo ndani ya udongo pamoja na ubao wake. Kidogo tu, upana wa kidole. Asumani aliusikia ule ubao ukilia karibu na sikio lake. Gari lingeshuka, mkono wake ungevunjika ndani ya chuma, na huenda si mkono tu.

"Mama Clothilde," akasema taratibu, "usiguse gari. Mukono yangu iko ndani."

Mama akainama. "Iko ndani namna gani?"

"Imefungwa."

Basile, jirani wa fundi na mwendesha baiskeli ya kubeba abiria, akatoa kichwa barazani. "Yaya," akaita, kama aitwavyo kaka mkubwa, "unalala kazini?"

"Basile, tafuta kriki ingine! Mbio!"

Basile akaondoka na baiskeli yake, matope yakimrukia mgongoni. Alirudi mikono mitupu, akihema. "Mwenye kriki ameenda nayo Banalia, vraiment, kweli kabisa! Nimeleta gogo ya kuni."

Gogo lilikuwa fupi. Wakaweka mawe juu yake, mawe yakateleza. Ubao ukalia tena. Basile akapiga magoti matopeni, akatia bega chini ya ubavu wa gari. "Mimi si kriki," akasema akikunja uso, "mufanye mbio."

Mama Clothilde alikimbilia jikoni kwa mke wa Asumani, akarudi na bakuli la mafuta ya mawese. Akalala kwenye tope karibu na fundi, kitenge chake kizuri chote kikaloa, akamimina mafuta ndani ya tundu, yakateremka mekundu mpaka kwenye kiwiko.

"Usivute," akasema.

"Nisipovuta, nitatoka aje?"

"Nilizaliwa kwa mitego, mie. Samaki anaingia ndani ya kikapu bila taabu. Akirudi kinyumenyume, anajifunga mwenyewe. Nyama inajikusanya. Sukuma mbele kwanza. Malembe, polepole. Acha mafuta yaingie chini ya pete."

Asumani akasukuma. Maumivu yakapungua kidogo.

"Bon. Sasa nyoosha kidole, ugeuze, utoke."

Mkono haukutoka. Mama akachungulia tunduni.

"Papa Asumani, umekunja kidole."

"Sijakunja."

"Mushipa ya mukono yako naiona! Unaishika pete."

Asumani akageuza uso upande wa boriti. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Papa aliichonga bila kuona vizuri. Nikiacha humo, itaanguka ndani kabisa. Sitaipata tena."

"Na papa alikupa pete ama alikupa mukono?"

"Jibu mbio, yaya," Basile akaguna, "bega inakufa!"

Asumani akafunga macho. Alikinyoosha kidole chake polepole, miaka thelathini na mitatu ikipita juu ya kifundo pamoja na ngozi. Akakigeuza. Mkono ukatoka mwekundu kwa mawese na damu, naye akajiburuta nje kwa mgongo. Basile akatoa bega. Gari likashuka, boriti ikasimama shibiri moja juu ya ile katoni.

Hakuna aliyecheka.

Mvua ilipokwisha, walitandika mbao pana, wakalinyanyua gari upya, safari hii na gogo chini yake. Asumani alifunga kidole kwa kitambaa, akajaribu ile bolti kwa mkono mmoja, bila matumaini. Ikagoma. Akakaza mkono. Ikalia kwa sauti ndefu, halafu ikaanza kutoka, duru baada ya duru, hadi ikaangukia kiganjani.

Alimulika ndani ya tundu. Pete ilikuwa imejikunja kati ya nati na ukuta, upande wake mnene umeingia kwenye pengo, imeishika nati isiweze kusogea.

"Chukua ndoano, uivute," mama Clothilde akasema. "Mie nitangoja. Banalia haihami."

 Asumani aliichukua ndoano, akaigeuzageuza, akairudisha kwenye sanduku. Akaweka mpira mpya, akatia bolti mpya, akaikaza mpaka spana ikakataa.

Gari lilipokata kona kuelekea barabara ya Banalia, halikuvuta tena kushoto.

"Na pete iko wapi, yaya?" Basile akauliza, akisugua bega.

Asumani alipapasa mahali pa pete juu ya kitambaa kwa dole gumba, kama alivyofanya kila siku. "Iko kazini," akasema.