Kadi Iliyojua Kugonga

Niliondoka Lushoto kwa sababu ya ubishi. Mnunuzi wa hoteli moja ya Dar es Salaam alitaka orodha ya mboga za kikundi chetu ifike kwa barua pepe kila Alhamisi, kuanzia wiki ile ile, la sivyo kazi atawapa wengine. Wenzangu wakasema basi, tumekwisha, turudi kwa madalali wa Soni. Mimi katibu wao nikasema hatujaisha. Tulikuwa na kompyuta ndogo ya mkononi, aliyotuachia mtaalamu wa kilimo alipomaliza mkataba wake. Ubavuni ilikuwa na tundu la kuchomeka kadi ya modemu, inayoiunganisha na simu. Kadi hiyo ndiyo hatukuwa nayo.

Soni, asubuhi. Basi lilisimama kupakia matenga ya nyanya, nami nikanunua mapeasi ya kumpelekea mjomba. Kisha zikaja kona za kuteremkia Mombo. Masikio yaliziba, na tulipofika chini sweta lilikuwa mapajani.

Magomeni, jioni. Nilimkuta mjomba, kaka yake mama, barazani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Onga mshi," akaongeza salamu ya Kisambaa.

Tukaulizana habari za nyumbani, za mtu mmoja mmoja, mpaka za mbuzi. Ndipo akauliza kilichonileta.

"Nimefuata kadi, mjomba."

Uso ukambadilika. Miaka ile vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, na mjomba hakuwa na hamu navyo.

"Kadi ya nini?"

"Ya modemu."

"Modemu! Hicho sijakisikia. Kimeandikishwa? Mama yako anajua?"

Nilieleza nikachoka. Kila nilipotaja kikundi chetu, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba Lushoto tumeanzisha chama. "Kesho tunakwenda wote," akasema. "Nikawaone hao viongozi wako."

Katikati ya mji, kesho yake. Mjomba aliingia duka la kompyuta amevaa kanzu iliyopigwa pasi, tayari kwa mabishano. Muuzaji akaweka kadi mbili juu ya meza. Mjomba akaichukua moja, akaigeuza huku na huku.

"Mbona haina hata mahali pa kubandika picha?"

Nilicheka mpaka machozi. Naye alipoelewa, alicheka kuliko mimi.

"Chukua hii, dada," muuzaji akasema. "Ina kasi mara mbili ya mwenzake."

"Inatumia umeme gani?"

"Ina waya wake, unachomeka ukutani."

"Na hii ya polepole?"

"Hiyo inatumia betri za kompyuta yenyewe. Lakini imepitwa na wakati."

Nikamwambia kwetu Lushoto umeme hukatika kila mara, na simu yetu ni ya kuzungusha, namba zinakwenda kwa kugongagonga kwenye waya. Akatabasamu. "Bado mnazo?"

Lile tabasamu liliniudhi. "Tunazo, na zinaita. Chomoa waya wa ukutani, halafu kadi zote mbili zipige namba kwa kugonga, nisikie."

"Hatujaribishi bidhaa kwa kila mteja."

"Kwa huyu utajaribisha," mjomba akasema, akavuta kiti akaketi.

Ile ya kasi, bila umeme, ilinyamaza kimya. Ile ya polepole ikagonga: ta-ta-ta, ta-ta. Nikaichukua hiyo hiyo. Muuzaji alitikisa kichwa, nami nikamwacha atikise.

Lushoto, Alhamisi mchana. Nilikuta mvua, na umeme umekatika. Wanakikundi walijaa ofisini, wengine wamekuja kushuhudia nikiaibika. Nikachomeka kadi, nikaunga waya wa simu. Ikagonga. Kimya. Kisha ikalia kwa mikwaruzo, mpaka mama mmoja akaziba masikio.

"Inaumwa?" mwenyekiti akauliza.

"Inasalimiana na mwenzake wa Dar, baba."

"Basi iacheni imalize salamu," akasema, na hakuna aliyeharakisha tena. Orodha ikaondoka. Tukangoja, tukapiga tena kutazama jibu, na jibu lilikuwepo. Nikalisoma kwa sauti: "Tumepokea. Leteni zote."

Furaha niliyoipata siku ile sijui niieleze vipi. Nilijifunza kwamba muuzaji anajua kasi ya kadi yake, lakini simu ya kwetu naijua mimi. Nilitaka kuwaambia hayo wenzangu, nikainua kichwa: ofisi ilikuwa tupu. Wote walikuwa wameshatoka, na mvua hiyo hiyo, kwenda kung'oa karoti.