Shangazi Ashika Mkia

Katika ukoo wao kila mtu alikuwa bingwa wa uzazi, isipokuwa yeye aliyeusomea. Wajomba walijua kwa nini hajaolewa. Mama wadogo walijua umri ambao mayai ya mwanamke huanza kuchoka, na walipenda kuutaja mezani, chakula kikiwa bado kinafuka mvuke. Yeye, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapa mimba ng'ombe na farasi wa watu, alisikiliza kwa adabu kisha akaomba chumvi.

Watunza farasi walimwita Daktari Mkono, kwa sababu katika kazi ile mkono wake wa kushoto ulijulikana zaidi kuliko sura yake. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vyakula vya mifugo. Kulikuwa na meza, birika, ndoo za kuoshea vyombo, na friji mbili zinazofanana kama pacha: moja ya dawa na mbegu za madume, nyingine ya chai na vitafunio. Mgeni mwenye busara aliuliza kwanza kabla ya kujimiminia maziwa.

Mgonjwa wake mkubwa msimu ule alikuwa farasi jike wa Bosi Magodoro. Huyu Bosi alikuwa na kiwanda cha magodoro, na baada ya kulaza nusu ya mji aliona imefika zamu yake ya kuinuka. Akanunua farasi. Mwenyewe alimpa jina refu lenye vyeo ndani yake, lakini wafanyakazi walimwita Mheshimiwa, maana ukimwendea na shida anakugeuzia mgongo.

Bosi alitaka Mheshimiwa azae na dume mmoja mashuhuri wa ng'ambo. Dume mwenyewe hasafiri. Mbegu yake ndiyo husafiri, ndani ya sanduku la baridi, tena kwa ndege, ikihudumiwa kuliko abiria wengi.

"Basi tufanye Ijumaa," Bosi alisema. "Nitakuwa na wageni, wataona."

"Mheshimiwa hana habari ya Ijumaa," Daktari alimjibu. "Tutafanya yai likipevuka."

Kwanza akapitisha pamba ndefu hadi ndani ya kizazi, akaipeleka maabara. Majibu yakarudi kwamba kuna uchafu, na wadudu wa ugonjwa. Bosi akachukia kana kwamba ametukaniwa mama yake. Farasi wake apate uchafu wapi, na analala juu ya malazi ambayo watu wengine wanayaona kwenye matangazo tu? Daktari hakubishana naye. Akaosha kizazi kwa maji ya chumvi, akaweka dawa, akarudia mpaka pamba ikatoka safi. Kisha akawa anakwenda na mashine yake ya picha kutazama yai linavyokua, na kila akitoka zizini simu yake ilikuwa imejaa ujumbe wa shangazi yake.

Shangazi, dada wa baba yake, alikuwa matroni mstaafu wa bweni la wasichana. Miaka yote alilaza watoto wa wenzake kwa kengele, na kustaafu hakukumwondolea kengele kichwani. Alikuwa amempatia Daktari mchumba, muuza vioo vya madirisha, mtu mwenye ndevu zilizonyooshwa kama kwa rula. Mara mbili miadi ilipangwa, na mara mbili Daktari aliomba radhi kwa sababu ya Mheshimiwa.

"Sawa," Shangazi akasema. "Kama huwezi kuja, tutakufuata hukohuko kwa mke mwenzio."

Wakafika asubuhi ileile sanduku lilipofika. Mheshimiwa alikuwa amesimama ndani ya kizimba cha mabomba, mkia umefungwa bandeji, nyuma ameoshwa kwa sabuni na maji safi mara tatu na kukaushwa. Mtunza farasi alimshika kichwa. Wa kushika mkia alikuwa ameitwa kwenda kupanga magari ya wageni wa Bosi, ambao, kwa bahati mbaya ya sayansi, walikuja kweli.

"Shikamoo, shangazi. Karibuni," Daktari alisema, glavu imemfika begani. "Kaka, samahani, hebu nishikie huu mkia. Uuvute pembeni, usiuachie."

Muuza vioo alikuwa amevaa shati jeupe la kuposea. Akaushika mkia kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota soksi isiyo yake, na akaona ndiyo nafasi nzuri ya mazungumzo.

"Nilitaka kuuliza," alisema. "Ukishaolewa, hii kazi utaiacha mara moja, au utaiacha polepole?"

Daktari alikuwa akikagua mrija. Aliyejibu ni Mheshimiwa. Alijamba kwa kirefu, akaongezea na vingine vizito, na shati la kuposea likapokea jibu lote. Muuza vioo akaruka, mkia ukamponyoka, ukapiga palepale palipooshwa.

Bosi akawaambia wageni wake kwamba hiyo ni dalili njema.

"Umeuangusha," Shangazi alisema.

"Mama, shati..."

"Ameoshwa mara tatu, wewe unamwangushia mkia wenye mavi? Ndivyo ulivyolelewa?"

Akavua saa, akakunja mikono ya gauni, akaomba glavu. Mheshimiwa akaoshwa upya, mkia ukafungwa bandeji mpya. Safari hii ulishikwa na mtu aliyewahi kushika mabweni manne kwa jicho moja. Daktari akaingiza mkono polepole, akaupata mlango wa kizazi kwa kidole, akapitisha mrija, akasukuma mbegu taratibu.

"Ndiyo imekwisha?" Shangazi alinong'ona.

"Imekwisha."

"Na bwana harusi hata hajaonekana."

"Yuko ng'ambo, anakula nyasi."

Shangazi akamtazama muuza vioo, aliyekuwa bombani akijisugua kifua. "Kuna mipango mibaya kuliko hiyo," akasema.

Muuza vioo hakurudi. Alioa mwaka uleule, na nasikia wanaelewana.

Mimba ya kwanza haikushika. Bosi, ambaye alikuwa ameshawatangazia watu, alisema kosa ni la yule mama, mkia haukushikwa kitaalamu. Maneno yakamfikia Shangazi, na hapo farasi akawa suala la ukoo. Mzunguko uliofuata alikuja mwenyewe, na aproni yake. Aliwafukuza wageni zizini. Alimwambia Bosi kwamba mwanamke hashiki mimba mbele ya watu wanaotafuna karanga, na Bosi akatoka, mikono nyuma.

Wiki mbili baada ya mbegu kuingizwa tena, Daktari na Shangazi walikuwa wawili tu na mtunza farasi, wakitazama kioo cha mashine. Katikati ya ukungu wa kijivu kulikuwa na duara dogo jeusi.

"Hiyo?"

"Hiyo. Moja tu, hakuna pacha. Ameshika."

Shangazi hakupiga vigelegele. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalitazama lile duara kwa muda.

"Mimi nilikaa kwenye ndoa miaka kumi na tisa," akasema. "Walininywesha mizizi, walinipeleka kwa huyu na yule, mawifi wakaniimbia. Hakuna aliyenipitishia hata hiyo pamba yako. Huyu farasi amepimwa kuliko mimi."

Daktari alijua kwamba shangazi yake hakuzaa. Ukoo mzima ulijua, kama unavyojua mambo yote. Kitu asichowahi kufanya, pamoja na kusoma kwake kote, ni kumuuliza.

"Na mumeo, alipimwa?"

"Yeye? Yeye alikuwa mwanamume, mwanangu. Wanaume walikuwa wazima kwa kuzaliwa."

Wakacheka, kicheko kile kinachoishia na kufuta macho. Daktari alivua glavu, akakaa chini sakafuni karibu naye. Mheshimiwa aliendelea kula.

Shangazi hakuacha tabia yake kwa siku moja. Miezi michache baadaye alitaja jina la fundi mmoja wa lifti, lakini kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, na Daktari alipotikisa kichwa, hakurudia. Kwenye mikutano ya ukoo, mama mdogo akianza habari za mayai kuchoka, Shangazi alimuuliza mbele ya wote amejifunzia wapi, kisha akaeleza kuhusu maji ya chumvi na kizazi kwa undani uliowafanya wajomba waweke vijiko chini.

Mtoto wa Mheshimiwa alizaliwa mchana, Daktari akiwa barabarani kwenda kumtazama mbuzi aliyevimba tumbo. Alikuwa amekaa zizini siku tatu akimsubiri, na Mheshimiwa alingoja aondoke. Shangazi ndiye aliyepiga simu.

"Jike," alisema. "Miguu mirefu kama deni. Amesimama, ameanguka, amesimama tena. Bosi amemkumbatia mtunza farasi, analia. Mheshimiwa amemng'ata Bosi."

"Ananyonya?"

"Ananyonya. Wewe uko wapi?"

"Kwa mbuzi."

"Nenda kwa mbuzi. Hapa nipo."

Daktari akasimamisha gari pembeni, akazima injini, akacheka peke yake mpaka mwenye baiskeli mmoja akasimama kumuuliza amepatwa na nini. Kisha akaenda kwa mbuzi.