Mpelelezi wa Dunia Mbili na Nywele za Mama

Mama alikuja kwangu Bariadi akiwa na nywele. Anayetoka kwetu anaelewa mara moja uzito wa jambo hilo. Siku ya kuanua matanga wafiwa wote hunyolewa, na mfiwa wa kwanza alikuwa yeye. Mdogo wangu wa mwisho, mtoto wake pekee wa kiume, alikuwa amegongwa na lori la pamba akiwa kwenye bodaboda yake. Jeneza lilifika kijijini Nkoma likiwa limepigiliwa misumari, na baba mdogo, mdogo wa marehemu baba yetu, akaamuru lisifunguliwe. Waliposogeza wembe, mama aliwaambia hanyoi kwa ajili ya mtu ambaye hajamwona. Ndugu wakashindwa naye, wakanitupia mimi.

Mimi ni fundi cherehani na sina subira. Nilimpa mama kiti kizuri, nikamwekea televisheni, nikarudi barazani kwenye sare zangu za shule. Siku hizo nilikuwa naangalia sizoni moja ya kipelelezi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na DJ mmoja mwenye sauti nzito, niliyojaziwa kwenye flashi pale stendi. Mpelelezi wake alikuwa na jambo lisilo la kawaida. Nyuma ya ghala moja la zamani palikuwa na mlango, na akipita hapo anatokea mji ule ule, mitaa ile ile, isipokuwa waliouawa huku, kule bado wapo hai. Anawasalimia, anakaa nao, anawauliza waligombana na nani. Kisha anarudi upande wetu kumkamata muuaji. Shida yake ilikuwa mahakamani, maana hakimu akiuliza shahidi ni nani, shahidi ni marehemu mwenyewe.

Mimi nilicheka hapo. Mama hakucheka.

"Huyu askari ni nfumu," alisema. Ndivyo Wasukuma tunavyomwita mganga anayepiga ramli.

"Ni sinema tu, mama. Wanalipwa hao."

"Nfumu naye analipwa."

Basi ikawa kila jioni nikifunga cherehani nakuta ameshakaa, khanga mabegani, ananisubiri niwashe. Nilifurahi, nikidhani amepata cha kumsahaulisha. Mpaka jioni moja mpelelezi alipokwenda kule upande wa pili na kumkuta kijana aliyeuawa amekaa mezani anapaka siagi kwenye mkate. Mama alishusha pumzi.

"Wa kwao wanapewa mkate," alisema.

Kwetu wapo wanaoamini kwamba mtu anayekufa ghafla huwa hajafa. Amechukuliwa msukule, anamlimia mchawi shamba usiku, na chakula chake ni pumba. Kilichozikwa ni gogo tu lililovikwa sura yake. Sasa nikaelewa kwa nini tangu afike alikuwa anamega ugali tonge moja, analishika mkononi, kisha analirudisha. Mama yangu alikuwa anashindwa kula kwa sababu mwanawe anakula pumba.

Nilizima televisheni. Akaniambia niiwashe, kisha akasema, bila kunitazama, kwamba kuna nfumu maarufu upande wa Ipililo. Alitaka nimsindikize.

"Ukamuulize nini?"

"Aliyenaye ni nani. Lakini hata bila kuuliza namjua."

Nami nilimjua aliyemkusudia. Alikuwa mke mwenzake, tunayemwita mama mdogo, anayeishi naye kwenye boma moja tangu ujana wao, kila mtu na nyumba yake. Mama alihesabu makosa yake. Kwenye msiba hakupiga yowe, alijikunyata nyuma ya ghala la mahindi. Tangu siku hiyo hamtazami mwenzake usoni, akimwona anakuja kisimani anageuza njia. Na macho yake ni mekundu. Yangekosaje kuwa mekundu, wakati anapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, na moshi wake umemkaa machoni maisha yake yote? Lakini kwetu macho hayo kwa mwanamke mzee ni hatari. Nfumu akitamka jina, vijana wa kijiji hawasubiri mahakama. Wapo mabibi waliokatwa mapanga kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Nilikasirika mpaka nikavunja sindano ya cherehani. Nilitaka kumwambia mama kwamba anatafuta kuua mtu, na mtu mwenyewe ndiye aliyetupikia uji alipokuwa yeye mgonjwa. Nilijua hatanisikia. Nikakumbuka kwamba yule mpelelezi, kabla ya kukaribia mlango wake, kwanza huuliza watu wa huku.

"Mama, nani alikuwa wa mwisho kumwona?"

"Baba yako mdogo. Ndiye aliyekwenda kumchukua hospitali."

"Tukamuulize yeye kwanza. Ipililo baadaye."

Alikubali, nadhani kwa sababu alitaka kwenda kwa nfumu na ushahidi kamili.

Tulifika Nkoma watu wakichuma pamba. Baba mdogo alikuwa uani anashona gunia. Tukasalimiana, nikamwambia kilichotuleta. Aliendelea kushona.

"Mimi sikumwangalia," alisema. "Niliogopa. Nilisimama nje ya mochwari." Akaonyesha kwa midomo nyumba ya mama mdogo. "Aliyeingia ni yule, alinifuata hospitali. Nikamkataza asithubutu kukusimulia, shemeji. Uso ulikuwa umeharibika. Nilisema ukisikia utakufa na wewe."

Mama mdogo alikuwa ametoka jikoni, akasimama mlangoni na macho yake yale. Alikuwa ameshasikia. Mama alimwendea, wakasimama karibu kuliko nilivyowaona kwa muda mrefu.

"Ulimwona?"

"Nilimwona, dada."

"Alikuwa yeye?"

"Alikuwa yeye. Nilitazama mguu. Lile kovu la plau, jeraha nililolifunga mimi siku uliyokuwa mnadani."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kovu lile tulilijua sote.

"Macho yake?"

Mama mdogo alimtazama baba mdogo, kama anayeomba ruhusa. Mzee aliinamisha kichwa.

"Yalikuwa wazi. Niliyafumba mimi. Moja lilikuwa linakataa. Nikalishika, nikawa naongea naye, mpaka likakubali."

"Kwa mkono upi?"

Mama mdogo alinyoosha mkono wa kulia, umejaa masizi na unga. Mama aliupokea kwa mikono yake miwili, akauweka usoni pake, juu ya macho, akakaa hivyo. Ndipo yowe la mama mdogo likatoka, lile alilolibana msibani, na majirani wakaacha pamba wakaja mbio. Nililia kwa huruma, na kwa hasira pia, kwamba wanawake wawili walikuwa wamefungwa midomo kwa sababu mwanamume mmoja aliogopa.

Majirani walipotulia, mama aliomba chakula. Wakatazamana. Maneno kwamba mama mdogo ni mchawi yalikuwa yameshasambaa kijijini, na mtu akishanong'onwa hivyo hakuna anayegusa chungu chake. Mama mdogo alileta ugali na maziwa mgando. Mama alinawa, akamega tonge la kwanza mbele ya wote, akalichovya, akala. Asubuhi iliyofuata alikaa kwenye kigoda na kumwambia mwenzake alete wembe.

Aliporudi Bariadi kuniaga, kichwa kikiwa cheupe, sizoni ilikuwa imebakiza kipande cha mwisho. Nilitaka kuificha ile flashi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia niiweke. Mwishoni mpelelezi anatakiwa kuufunga ule mlango kabisa, na upande wa pili amesimama mkewe, aliyekufa huku miaka mingi. Mwanamume yule alishika mlango, akawa hafungi wala haingii. DJ alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuitazama.

Mama aliinuka kwenye kiti, akasogea mpaka karibu na kioo.

"Mfumbe macho, baba," alimwambia kwa Kisukuma, taratibu, kama anavyoongea na mtoto. "Mfumbe macho, urudi nyumbani ukale."