Siku niliyokwenda Kibosho kuacha pombe

Nilitaka sana kuacha mbege, ila niliona aibu kuuliza mara mbili wanaoacha pombe hukutana nyumba ipi. Nilisikia tu ni nyuma ya kanisa. Nikaingia nyumba ya kwanza niliyoona watu wamekaa mduara, kimya, wakingoja.

"Shikamooni."

"Marahaba. Mbona umekuja peke yako?" mzee mmoja akauliza.

"Naona aibu kuja na mtu."

Akacheka, akanipa kata ya mbege. Nikadhani ananijaribu. Nikairudisha, nikasimama, nikasema yote kwa haraka: ninalewa kila siku, nimefukuzwa kazi, nisaidieni.

Mama mwenye nyumba akaita chumbani:

"Anjela, njoo! Huyu ndiye mchumba uliyesema hajawahi kuonja pombe?"