Ijumaa ya Msimu wa Karafuu

Bi Mgeni wa Ole alimwonea wivu mdogo wake, Mize, kwa sababu ya karatasi moja. Mize alizaliwa hospitali, akaandikiwa cheti. Mgeni alizaliwa nyumbani, miaka miwili baada ya Mapinduzi, na siku yake hakuna aliyeiandika. Kwenye kitambulisho karani alimjazia tu tarehe mosi Januari.

Mize alipotimiza miaka hamsini, wanawe walimfanyia sherehe nyumbani kwake Jadida. Mgeni alipopewa keki aliisukuma kando.

"Sili. Mimi ndiye mkubwa, na hakuna hata anayejua nimezaliwa lini."

Mama yao, aliyeketi mkekani, akamgeukia. "Najua mimi. Nilikuwa nachuma karafuu matawi ya chini, uchungu ukanishika. Nikakuzaa kabla ya adhuhuri. Ilikuwa Ijumaa, maana baba yako alikuadhinia sikioni, kisha akenda msikitini kwa sala ya Ijumaa."

Mgeni hakuwahi kuyasikia hayo. "Ijumaa ya mwezi gani, mama?"

"Mwezi sikuuangalia, mwanangu. Nilikuangalia wewe."

Mgeni aliivuta ile keki, akaila yote. Ilikuwa tamu, na hilo nalo likamuudhi.