Mwali Ndani ya Kitunguu

Kitunguu kibichi huwatoa wengine machozi; mimi hunitoa kicheko. Kikikatwa tu, harufu yake inanirudisha darasani, katika misheni ya milimani Uluguru, enzi ya Mdachi.

Nilikuwa nimevunja ungo. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba akisema amesema, na mjomba wangu alipanda mlima kuja kunichukua niwekwe ndani. Mwali hatoki wala haonwi na wanaume. Anafundwa na wanawake mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Mimi nilisikia jambo moja tu: shule basi. Nililia mpaka kamasi zikanitoka.

"Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," mjomba alimwambia Sista Agata, mwalimu wetu, kwa adabu kubwa.

Sista hakubishana naye. Alikuwa na darubini ya shaba ya kutazamia vitu vidogo, iliyofika huko juu kichwani mwa mpagazi. Alimenya kitunguu, akabandua ngozi ya ndani iliyo laini, akaidondoshea dawa ya vidonda ya rangi ya kahawia, kisha akamkaribisha mjomba atazame. Alitumaini utamu wa elimu utamlegeza.

Mjomba aliinama. Kofia ikamdondoka, hakuiokota.

"Nyumba!" alisema. "Zimepangwa ukuta kwa ukuta. Na kila nyumba ina mtu mmoja ndani."

Sista alifurahi, akaeleza kwamba kila chenye uhai kimejengwa kwa vijumba hivyo, ambavyo siku hizi tunaviita seli. Ukuta hushika umbo la kijumba. Ndani mna ute, na humo ndimo kazi hufanyika. Maji ya katikati ni ghala. Kwenye majani mna pia punje za kijani zinazopika chakula kwa mwanga wa jua. Na huyo "mtu" ni kiini, anayeongoza nyumba nzima.

"Hutoka nje?" mjomba aliuliza.

"Hapana. Akitolewa, nyumba inakufa."

Mjomba akaokota kofia yake. "Umesema vyema, Sista. Mwenye kuongoza nyumba hukaa ndani. Twende, mpwa wangu."

 Mimi hasira zilinipanda, na mdomo wangu haukuwahi kungoja ruhusa.

"Mjomba, shikamoo kwanza! Hebu muulize Sista, huyo wa ndani anakula nini?"

Sista akalidaka swali. Akasema ukuta ule hupitisha maji na chakula, na kijumba kikizibwa kabisa hufa vilevile.

Mjomba aliinama tena, akatazama hadi nikachoka kusimama.

"Wewe ni mwanamke, Sista," alisema hatimaye. "Mlango wa mwali haukukatazi. Utamletea."

Nikawekwa ndani, na Sista akaja kila juma, darubini kapuni, akiinama asigonge kichwa mlangoni. Tuliacha upenyo ili jua liangukie kioo cha darubini. Bibi aliyenifunda naye alichungulia, akasema kitunguu kina ukoo mkubwa kuliko wetu.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba siku ile nilimshinda mjomba. Nami nikawa mwalimu. Siku moja, nikiwaonyesha wanafunzi ncha ya mzizi wa kitunguu, niliona seli ikigawanyika. Kiini hujiandaa kwanza, kimya kimya, kinakuwa viwili; ukuta mpya hujengwa baadaye. Hivyo ndivyo nyumba moja inavyozaa nyingine.

Nikamkumbuka mjomba na kofia yake sakafuni, nikaona uchungu kwamba nimechelewa kumpenda. Mama yangu alikuwa na binti mmoja tu, mimi, na dada wengine wa mjomba hawakujaliwa mabinti. Nyumba aliyoogopa isife ilikuwa ya ukoo wake mzima, na kiini alichokuwa akikitazama ni mimi.