Toba ya Pilipili

Bado nina hasira, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe. Nimerudi Butembo na diploma ya upishi niliyoipata kwa jasho langu, kwa hiyo niliidai sufuria ya sikukuu ya mavuno kanisani: maharagwe mapya na pilipili, chakula cha baridi yetu hii. Mama Kavira, aliyeipika miaka yote, alinisogezea mafuta ya mawese kabla ya ibada.

"Pakaa ku mikono mbele ya kukata pilipili, Papa Diplome."

"Mama, mimi nilisoma. Hiyo ni ya batu ba kijiji."

Nikakata pilipili zote kwa mikono mikavu, nikaenda kuketi kiti cha mbele. Katikati ya mahubiri juu ya kiburi nikajifuta jasho usoni. Macho yakawaka moto, machozi yakamwagika. Mchungaji akakatiza mahubiri, akaniita mbele. Kwaya ikaanza wimbo wa toba. Mashemasi wawili wakanishika mabega, nami nikazidi kulia, sasa kwa hasira.

"Ungama, ndugu," mchungaji akasema, akanipa mikrofoni.

Mama Kavira akaja, akanusa vidole vyangu mbele ya kanisa lote.

"Muchungaji, huyu hapana kutubu, ni pilipili. Alikataa mawese. Mumuoshe macho. Sufuria, nitamalizia mimi."